Gari la Taka Halipiti Jumatano

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na yamebaki kumi na moja, kila neno la hadithi hii ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi wala sijaongeza maji. Msomaji atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo kama punje ya ufuta, nitamnunulia bakuli la supu ya vitufe vya samaki, na nitakaa mbele yake nikimtazama akila mpaka amalize.

Haya. Wiki jana tulimwacha Kang Peiling, mwandishi wa gazeti la Mawio ya Bandari hapa kwetu Keelung, amesimama jikoni kwa mama yake, simu sikioni. Alikuwa amempigia Mzee Yen Tienlai, mlinzi wa lango la kuzuia maji la mtaa wa Langoni, yule anayetukanwa na mji mzima. Alimuuliza swali moja tu. Yule mtu kwenye video, aliyekaa kando ya gurudumu la lango akinywa pombe na kucheka, ni nani?

Mzee akajibu maneno mawili.

"Ni mimi."

"Babu, una hakika?"

"Binti, uso huu nimeunyoa zaidi ya miaka hamsini. Naujua. Na ile chupa ya pombe ya mtama ni yangu pia."

"Kwa hiyo Jumatano ya kimbunga, maji yanaingia kwenye nyumba za watu, wewe ulikuwa unakunywa?"

"Sikusema hivyo!" Sauti ya mzee ilipanda, kisha ikashuka kama mtu aliyechoka kupanda ngazi. "Jumatano nilikuwa nimelishika gurudumu, maji yananifika kifuani. Lango nililifunga. Mtu kwenye video ni mimi, lakini siku siyo ile."

"Ni siku gani basi?"

"Sikumbuki, binti. Tangu mke wangu afariki nimelewa mara moja tu. Na mtu akilewa mara moja tu kwa miaka, analewa vizuri."

Akakata simu.

Peiling alibaki akiangalia kioo cha simu. Angeweza kulia, lakini machozi yangemlaumu nani? Aliyelikoroga ni yeye.

Alhamisi asubuhi, mji ukiwa bado unachuruzika, ukurasa mmoja wa mtandaoni unaojiita Macho ya Mtaa ulitoa video ya sekunde kumi na nne. Juu yake yaliandikwa maneno haya: "Jumatano saa kumi na moja jioni. Mlinzi wa lango analewa, nyumba zetu zinazama." Peiling aliiona akiwa anakula mkate wa yai. Kabla hajameza, alikuwa ameshaiweka kwenye ukurasa wa gazeti lake. Hakuuliza nani kapiga wala lini. Aliona tu kwamba magazeti mengine hayajaiweka.

Mchana wa Alhamisi watu elfu arobaini walikuwa wameisambaza. Jioni mlango wa Mzee Tienlai ulikuwa umepakwa rangi nyekundu.

Na leo, Jumapili, saa kumi jioni, mzee anaitwa ofisi ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kao Jungpin, ameshaandaa barua ya kukiri kosa. Mzee akiisaini, kazi imekwisha, na kibanda cha lango alichoishi na mkewe miaka thelathini anakihama kabla ya mwezi kuandama.

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro robo.

Peiling aliifungua ile video tena. Alikuwa ameshaitazama mara mia. Ofisini waliitazama bila sauti, kama video zote za ofisini, maana watu thelathini kila mmoja akiwasha sauti yake, mhariri anarusha kandambili. Safari hii aliiwasha sauti, akaipandisha mpaka mwisho, akaiweka simu juu ya meza ya jikoni.

Mvua. Upepo. Kicheko cha mzee. Mtu nyuma ya kamera anakohoa.

Ghafla mama yake akaruka.

Naam, akaruka! Mama mwenye miaka sitini na tano na goti bovu. Aliacha kisu, akanyakua mfuko wa taka chini ya sinki, akanyakua wa pili wa chupa, akavaa viatu huku na huku, kimoja chake kimoja cha Peiling, akashuka ngazi ghorofa nne kama mwizi aliyeonwa.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Gari! Gari la taka! Huna masikio?"

Peiling alitoka mlangoni. Ghorofa ya tatu mlango ukafunguliwa, Mama mdogo Lien, yule jirani anayejua habari za kila mtu, akatokeza na mifuko yake miwili. Wakashuka pamoja wanapigana vikumbo.

Dakika chache baadaye walipanda wamelowa, wamenuna.

"Hakuna gari," mama yake alisema. "Nimelisikia kwa masikio yangu."

"Hata mimi," akasema Mama mdogo Lien. "Lile linaloimba. Nani anatuchezea akili?"

"Na leo ni Jumapili, mjinga mimi! Jumapili hawapiti. Jumapili na Jumatano hawapi..."

Mama hakumaliza. Bintiye alikuwa amemshika mabega kwa mikono miwili.

"Mama, rudia."

"Nirudie nini? Jumapili na Jumatano gari la taka halipiti, mji mzima unajua, hata panya wanajua. We mwanangu, una homa?"

Peiling alirudi mbio jikoni. Akairudisha video. Sekunde ya tisa, mbali kabisa, nyuma ya mvua na kicheko, ulisikika ule wimbo mwembamba wa gari la taka, unaotuita tushuke na mifuko, ambao sote tumeusikia kila jioni ya maisha yetu mpaka hatuusikii tena. Masikio yanauruka. Miguu ndiyo inayousikia.

Watu elfu arobaini waliicheza video hiyo. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza gari la taka linafanya nini barabarani siku ya Jumatano, tena Jumatano ya kimbunga.

*

"Sauti hubandikwa," alisema Mhariri Fang kwenye simu.

Fang ni mtu wa magazeti ya zamani. Anavaa kandambili ofisini na haamini chochote ambacho hakijamlowesha mwenyewe.

"Bosi, nimesikiliza mara ishirini. Haijabandikwa."

"Mke wangu anabandika sauti ya jogoo kwenye picha zangu nikilala. Anazituma kwa ukoo mzima. Jogoo yupo?"

"Hayupo."

"Basi. Nataka mtu, Peiling. Mtu mwenye jina na miguu, aliyekuwepo. Ulipiga tarumbeta bila kuuliza, sasa nenda ukaulize. Na usiulize chumbani. Uliharibu mbele za watu, ukaulize mbele za watu."

"Watanirarua, bosi."

"Watakurarua," Fang alikubali kwa furaha. Akakata.

Peiling alikaa. Aliandika, akafuta. Aliandika maneno matamu ya kiofisi, akafuta hayo pia. Mwishowe, saa saba na nusu, kwenye ukurasa uleule wa gazeti ulioanzisha balaa, aliandika hivi:

"Mimi ni Kang Peiling. Alhamisi niliiweka hapa video ya Mzee Yen bila kuuliza imepigwa lini wala na nani. Nilikosea. Sasa naomba mnisaidie kurekebisha. Washeni sauti, sikilizeni kuanzia sekunde ya tisa. Anayelijua gari hilo la taka aniambie. Mwenye video ya asili anitafute. Matusi msimtumie mzee, nitumieni mimi."

Wakamtumia.

"Tumekupata. Tunaanza."

"Waandishi siku hizi wanalala, sisi ndio tunaowafanyia kazi. Mshahara tunagawana?"

"Nimesikiliza mara tatu na nimeshuka na mifuko mara tatu. Mke wangu ananiangalia vibaya."

"Mzee alevi na mwandishi wake wote watupwe baharini."

Peiling alisoma yote, moja baada ya jingine, akitafuta sindano kwenye lile rundo la majani. Saa nane kasoro dakika tano akaipata. Au alidhani ameipata.

"Mimi ndiye niliyepiga video hiyo," aliandika mtu mmoja. "Ni Jumatano. Nilikuwepo. Acheni kumtetea mlevi."

Peiling aliusoma ujumbe tena. Jumatano? Ina maana mzee kamdanganya? Ina maana ameomba radhi mbele ya mji mzima kwa kitu kisichokuwa kosa?

Lakini safari hii vidole vyake viliuliza kwanza.

"Asante," aliandika. "Nitumie ile iliyoko kwenye simu yako, siyo iliyosambazwa. Na uniambie ulikuwa umesimama wapi, ukitazama upande gani."

Alisubiri. Dakika tatu. Dakika tano.

Alibonyeza jina la yule mtu. Hakuna picha. Hakuna rafiki. Akaunti ilikuwa imefunguliwa leo, saa saba na dakika arobaini, dakika kumi tu baada ya Peiling kuomba msaada.

Alipobonyeza tena, haikuwepo. Imefutwa.

"Aha!" mama yake alisema begani kwake, mkono una vitunguu. "Huyo ana mavi nyuma."

"Mama!"

"Nimesema uongo?"

Peiling aliwaza. Kama video ni ya kweli, kwa nini mtu ajifunge kitambaa usoni kuitetea? Kuna mtu anayeogopa swali la lini. Na mtu huyo, sasa hivi, anasoma kila anachoandika.

Simu ikalia. Namba ngeni.

"Nyie mnasikiliza kwa masikio au kwa magoti?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini. "Hilo ni gari langu."

"Nani mwenzangu?"

"Naitwa Jiang Meichu. Naendesha gari la taka njia ya Langoni mwaka wa kumi na tatu huu. Nimeusikia wimbo wangu kwenye simu ya shemeji nikaacha chakula mezani. Dada, umesikiliza vizuri pale wimbo unapopanda? Weka tena."

Peiling aliweka.

"Hapo! Umesikia inavyokwaruza? Kama paka aliyekanyagwa mkia. Spika yangu ilipasuka. Watu wa Langoni walikuwa wananicheka, wanasema Meichu anakuja na paka wake. Nikachoka, nikaibadilisha."

"Uliibadilisha lini, dada?"

"Wiki moja kabla ya Mwaka Mpya. Nilitaka kuuanza mwaka na sauti safi."

Peiling alihesabu kwa vidole kama mtoto. Tupo mwezi wa tisa. Mwaka Mpya wetu, ule unaohesabiwa kwa mwezi wa angani, ulikuwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza.

Video ilikuwa na zaidi ya miezi saba na nusu!

"Dada Jiang, una ushahidi wowote?"

"Nina spika yenyewe. Paka wa kweli amezalia ndani yake, lakini nitamhamisha."

"Njoo nayo ofisi ya mtaa. Saa kumi. Tafadhali. Ni uhai wa mtu."

"Saa kumi nipo."

Peiling alifungua kundi la soga la mtaa wa Langoni, lile lenye watu mia sita, ambamo Mwenyekiti Kao hutuma picha za maua kila asubuhi. Alitaka kuwaambia watu waje na masikio yao. Aliandika herufi nne tu.

"Umeondolewa kwenye kundi hili na Kao Jungpin."

Mama mdogo Lien, aliyekuwa amerudi ngazini na simu mkononi, alipiga kelele: "Peiling! Mwenyekiti ameandika! Mkutano siyo saa kumi tena! Ni saa tisa!"

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na mbili.

*

Mvua ya Keelung haihitaji kuelezwa kwa watu wa Keelung. Peiling alimpigia Jiang Meichu kumwambia ni saa tisa, akapanda skuta bila koti. Alipita taa nyekundu mbili, na kama askari yupo anayesoma hapa, basi zilikuwa njano.

Ukumbi wa ofisi ya mtaa ulijaa hadi kwenye vizingiti. Watu mia mbili, buti za matope, harufu ya magodoro yaliyolowa. Mbele kulikuwa na meza, juu ya meza karatasi, mbele ya karatasi Mzee Tienlai kwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa ameshaishika kalamu.

"Babu, usisaini!"

Vichwa mia mbili viligeuka.

Mwenyekiti Kao alitabasamu. Ni mtu mnene, mchangamfu, wa kukumbuka majina ya mbwa wa watu.

"Ooh, mwandishi wetu! Karibu, mwanangu, karibu. Jamani, mpigieni makofi. Ndiye aliyetufumbua macho kuhusu mlevi huyu."

Makofi yakapigwa. Peiling hajawahi kupigiwa makofi yaliyouma namna ile.

"Mwenyekiti," alisema, maji yakimdondoka puani, "kabla hajasaini, naomba video iwekwe ukutani. Wote waione. Kwa sauti."

Kao alicheka. "Kwa nini isiwekwe? Iwekeni! Kila mtu aione aibu yake."

Projekta ikawashwa. Spika za ukumbi zikaunguruma. Mzee ukutani, mkubwa kama nyumba, akanyanyua chupa na kucheka. Watu wakazomea. Mzee wa mezani akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifungo cha shati.

Sekunde ya saba. Ya nane. Ya tisa.

Wimbo ukaanza.

Bibi mmoja safu ya mbele akasimama wima akitafuta mfuko wake. Mwanamume wa nyuma akatazama saa. "Nimeacha taka mlangoni!" mtu alisema. Nusu ya ukumbi ilikuwa imenyanyua makalio kabla hawajajua wanakwenda wapi.

"Kaeni!" Peiling alipiga kelele. "Kaeni, jamani! Leo ni Jumapili. Gari halipiti."

Wakakaa wakichekana.

"Na Jumatano je?"

Kicheko kilikatika kama umeme.

"Jumatano halipiti," alisema yule bibi taratibu.

"Jumatano ya kimbunga je, bibi?"

"Hata paka hakupita siku hiyo."

"Basi gari hilo linaimba nini kwenye video ya Jumatano?"

Minong'ono ilianza nyuma ikaja mbele kama maji. Kao alinyanyua mikono.

"Ndugu zangu! Sauti hubandikwa! Mnajua mambo ya mtandao. Huyu binti ameona aibu, anatafuta pa kujificha. Mzee mwenyewe amekiri kwamba ni yeye. Mzee, ni wewe au siyo wewe?"

"Ni mimi," alisema Mzee Tienlai.

"Saini basi."

Kalamu ikagusa karatasi.

Ndipo nje, katikati ya mvua, siku ya Jumapili, gari zima la taka likaingia kwa kishindo, la njano, taa zinazunguka, wimbo unalia safi kama kengele ya fedha! Mlango wake ukafunguka, akashuka Jiang Meichu kwa buti zake, amekumbatia spika iliyojaa manyoya ya paka.

"Mmeusikia huo?" aliuliza ukumbi mzima. "Huo ndio wimbo wangu tangu Mwaka Mpya. Sasa sikilizeni wa zamani."

Akaiunganisha ile spika kwenye betri. Wimbo ukatoka, ukapanda, na pale juu ukakwaruza kama paka aliyekanyagwa mkia. Peiling akaicheza video tena. Mkwaruzo uleule, mahali palepale.

"Meichu na paka wake!" mtu alipaza sauti. "Tulikuwa tunamcheka! Ni mwaka jana huo!"

Hapo Mzee Tienlai alinyanyua kichwa. Simu yake ni ya vitufe, na tangu Alhamisi video hiyo alikuwa ameoneshwa na watu kwa kusukumiwa usoni, bila sauti, pamoja na matusi. Sasa aliitazama ukutani kwa mara ya kwanza huku akiisikia.

Sekunde ya kumi na mbili, yule mzee wa ukutani alinyanyuka, akayumba, akanyoosha mkono pembeni. Hapo ndipo mji mzima uliposema: tazameni, hata kusimama hawezi.

"Sikuyumba," mzee alisema. "Nilikuwa nachukua mfuko wangu wa taka. Nililisikia gari. Nikanyanyuka, nikavutwa shati. Nikaambiwa, 'Kaa, Mzee, taka zitasubiri, leo ni sherehe.'"

"Sherehe ya nini, babu?" Peiling aliuliza, sauti ndogo.

"Ya pampu mpya. Siku ya kukabidhiwa pampu mpya ya mtaa." Macho yake yalikuwa yanarudi, kama mtu anayetoka usingizini. "Lango likifungwa, maji ya mvua yananaswa huku ndani. Pampu ndiyo ya kuyatupa nje. Jumatano nililifunga lango, nikangoja pampu ingurume. Haikunguruma. Nilidhani imeharibika. Ufunguo wa chumba cha pampu sina mimi."

"Anao nani?"

Mzee alijibu swali jingine, lililokuwa kubwa zaidi.

"Siku ile tulikuwa wawili tu. Mimi nilikaa, na mwenzangu alileta chupa, akatoa simu, akasema, 'Cheka, Mzee, tupate kumbukumbu.' Mwenyekiti, si wewe ndiye uliyenivuta shati?"

Lakini Peiling hakuwa anamtazama Kao. Alikuwa anatazama ukuta. Kwa siku nne mji mzima uliitazama ile chupa. Kwa siku nne na yeye aliitazama ile chupa. Alibonyeza, picha ikasimama kwenye sekunde ya kumi na tatu, pale mzee aliponyanyuka na mwili wake ukaacha kuziba mlango uliokuwa nyuma yake.

Mlango wa chumba cha pampu. Uko wazi.

Ndani kulikuwa na sakafu ya saruji, ufagio mmoja, na ndoo.

"Pampu iko wapi?" aliuliza yule bibi wa safu ya mbele.

Wote wakageukia kiti cha mwenyekiti. Mwavuli wake ulikuwa bado umening'inia mgongoni mwa kiti, unadondosha maji. Kiti kilikuwa kitupu.

*

Nilikuwa nimefika hapo, nikiandika kwenye meza ya kona ya kibanda cha supu cha mama yake Peiling, na nilikuwa nimeridhika sana na nafsi yangu, niliposikia pumzi nzito nyuma ya sikio.

"We mzee ni mwongo," ilisema sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini.

Jiang Meichu mwenyewe. Alikuwa amesoma ukurasa mzima juu ya bega langu.

"Uongo uko wapi, dada?" niliuliza, nikifunika karatasi kwa kiwiko.

"Toa kiwiko. Hapa. 'Gari zima la taka likaingia kwa kishindo.' Jumapili? Jumapili gari limefungiwa uani na ufunguo anao bosi. Wewe mwenyewe umeandika kurasa nzima kwamba Jumapili gari halipiti, halafu unaliingiza ukumbini! Mimi nilikuja na skuta. Spika mbili, mbovu na nzima, kwenye kikapu, nimezifunika na koti langu, nimelowa mpaka kwenye mifupa."

"Gari linapendeza zaidi."

"Andika skuta."

Mama Peiling alikuwa anasikiliza huku anakoroga sufuria, na bega lake lilikuwa linatikisika kwa kicheko. Wateja wote walikuwa wanasikiliza. Wote wanakijua kiapo changu, maana nilikiapa hapo hapo kwa sauti.

Basi, msomaji: futa gari, weka skuta. Yaliyobaki ni kweli. Na meno ni kumi, siyo kumi na moja.

Nililipa. Bakuli lilikuja linafuka moshi, na nikakaa mbele ya Meichu nikimtazama akila kama nilivyoahidi. Alikula taratibu, kitufe kimoja baada ya kingine, akanywa mchuzi, akaligeuza bakuli kunionesha kwamba ni tupu. Kisha akaegemea meza, akashusha sauti yake kubwa mpaka ikawa ndogo, na kwa mtu kama yule hiyo peke yake ilitosha kunitisha.

"Mzee, mimi nazoa taka za Langoni nzima. Watu wanadhani hatuangalii tunachokizoa. Mwezi wa pili nilizoa sanduku la mbao, kubwa kuliko meza hii, lina muhuri wa serikali na picha ya pampu ubavuni. Lilikuwa limevunjwa, tupu. Unajua nililitoa mlangoni kwa nani?"

"Kwa Kao," nilisema.

Meichu alitikisa kichwa. Siyo kwa Kao. Akalisukuma bakuli tupu kuelekea kwangu kwa kidole kimoja, akasubiri lijazwe.

"Mama Peiling!" niliita. "Bakuli jingine. Kubwa!"